Ukikosolewa baada ya kukimbia nyika kwa farasi: jinsi ya kuyafanyia kazi maneno ya kocha

Katika dresaji, ile sehemu ya mashindano ya farasi inayopima utiifu na mwendo wake uwanjani, jaji anakupa alama, 0 hadi 10, kwa kila tendo, na pembeni anaandika sababu. Ukitoka uwanjani una karatasi ya kusoma usiku. Nyika, ile sehemu ya kukimbia na kuruka viunzi nje ya uwanja, haina karatasi hiyo. Unarudi na namba tupu za adhabu: 20 farasi akikataa kuruka mara ya kwanza, 40 akikataa tena kiunzi hichohicho, 0.4 kwa kila sekunde uliyochelewa. Kwenye mashindano ya kimataifa kuna na 11 za kuachilia pini ya usalama, ile inayoruhusu gogo lidondoke ili farasi asipinduke. Michael Jung wa Ujerumani, bingwa wa Olimpiki 2012 na 2016, alipewa hizo 11 kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021, akamaliza wa nane. Namba inakuonyesha kiunzi kilichokugharimu. Sababu utaisikia kwa mtu aliyekuwa amesimama pale, na wengi wetu hatujui kumsikiliza.

Anza na hesabu. Kasi ya BE100, mojawapo ya madaraja ya mashindano haya huko Uingereza, ni mita 475 kwa dakika, yaani karibu mita 8 kwa sekunde. Kocha aliyesimama kwenye kiunzi cha 9 amekuona tangu ulipochomoza nyuma ya miti mpaka ulipotua na kupotea, sekunde nne au tano basi. Anachokupa ni ukweli wa mita 30 au 40 katika njia inayoweza kufika kilomita 2 au zaidi. Tena alichokiona ni tokeo: farasi kainua kichwa, mguu umerudi nyuma, mnyama kachepuka kushoto. Chanzo mara nyingi kiko hatua kumi kabla ya hapo, mahali ambapo yeye hakupaona na wewe ulikuwepo. Ndiyo maana kukosolewa nyikani hakuwezi kuwa kazi ya mtu mmoja kusema na mwingine kutikisa kichwa.

Farasi kwanza, maneno baadaye

Ukivuka mstari wa mwisho, shuka, legeza mkanda wa tumbo na ukanda wa pua, mtembeze, mwagie maji, mtembeze tena, mpaka pumzi yake itulie. Mpanda farasi ambaye moyo bado unamdunda hasikilizi, anajitetea. Kocha akikuwahi hapohapo na maneno yake, mjibu "Sawa kocha, ni kiunzi cha ngapi?" na uishie hapo. Habari za mwavuli uliomshtua farasi, au tope, au aliyekutangulia, zinaweza kuwa za kweli kabisa. Zitakuwa za kweli hata baada ya saa mbili.

Siku hiyohiyo andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, pamoja na namba ya kiunzi na upande uliokuwa unapindia. Ukiyaandika kwa maneno yako utakuwa umeshajitetea humohumo.

Baadaye, mkiwa mmetulia, muulize mambo matatu. Kosa lilianzia wapi, hatua ngapi kabla ya kuruka? Ni kiungo gani cha mwili? Na kama ningefanya sawasawa, ungeona nini? "Kaa nyuma!" haina maana mpaka ijulikane ni nyuma lini. Kukaa nyuma unapoteremka kwenye maji ni usalama wako. Kukaa nyuma wakati farasi anapaa juu ya gogo la kawaida ni kumkalia mgongo na kumfanya agonge kwa miguu ya nyuma. Kocha mzuri hakasirishwi na maswali haya. Asiyeweza kuyajibu hata moja, mshukuru na uendelee na shughuli zako.

"Mguu wako wa chini unarudi nyuma"

Karibu kila mpanda farasi ataambiwa hili. Kisigino kinapanda, kidole kinaelekea chini, kifua kinaangukia shingoni. Wanaoambiwa hivyo hukimbilia kusukuma kisigino chini kwa nguvu, na hali inazidi kuwa mbaya, kwa sababu shida haiko kisiginoni. Goti limebana tandiko. Goti likibana linakuwa mhimili, na kila kilicho chini yake kinabembea.

Kagua kwanza urefu wa rikabu, vile vyuma vya kukanyagia. Nyikani fupisha kanda zake kwa matundu mawili au matatu kuliko unavyopanda katika dresaji. Kisha nyanyuka kidogo kwenye tandiko farasi akiwa katika kanta, ule mwendo wa mapigo matatu ulio chini ya shoti, ukae hivyo dakika mbili bila kushika shingo. Ukiangukia mbele, mguu uko nyuma mno. Ukirudi kitako kwenye tandiko, mguu umetangulia. Kwenye video simamisha picha farasi akiwa hewani, uangalie ukanda wa rikabu tu: unapaswa kuning'inia wima kuelekea ardhini. Ukiwa umelala kuelekea mkiani, kocha amesema kweli, na hakuna haja ya kubishana.

"Unavuta mpaka kwenye kiunzi"

Hili ndilo linalokanushwa kuliko yote. Mikono inavuta, farasi anainua kichwa, mgongo unadidimia, anaongeza kihatua kifupi cha mwisho na kugonga kwa miguu ya mbele. Mpanda farasi anaapa kwamba alikuwa ameachia. Kwa kawaida hadanganyi, ila hatua mbili za mwisho hakumbuki, maana akili yote ilikuwa kwenye gogo.

Dawa haiko mkononi. Ulichelewa kuanza kujiandaa, ukafika kiunzini kazi haijaisha. Mpangilio ni huu: mabega yanainuka kwanza, miguu inakumbatia farasi ili mwendo usife, mkono unakuja mwisho na unafanya kazi ndogo. Yote yawe yamekwisha hatua nne au tano kabla ya kuruka, na kuanzia hapo usibadilishe kitu. Kiunzi cha vichaka chenye uso ulioinama hakihitaji zaidi ya kuinua mabega na kushika mdundo. Mtaro uliowekwa kati ya magogo mawili ni habari nyingine: unataka kanta fupi yenye nguvu, na unaanza kuitengeneza mapema zaidi.

Jipime hivi. Tamka "sasa!" kwa sauti pale unapomaliza kujiandaa, halafu uhesabu hatua mpaka farasi aruke. Ukipata moja au sifuri, kocha alikuwa sahihi. Ukipata kumi, umehamia kosa la pili, la kusimamisha mwendo mapema mno. Kosa hilo la pili halimtishi mtu, ila bei yake ni kubwa. Sekunde 2 zinazopotea kwenye kila kiunzi, katika viunzi 20, ni sekunde 40. Zidisha kwa 0.4 upate pointi 16, karibu sawa na kukataa kumoja, na hakuna aliyekuona ukikosea.

Maji, miteremko na mtaro

Ukiambiwa "hukuachia hatamu" kwenye mteremko, lichukue kwa uzito kuliko mengine yote. Farasi akiruka kushuka, shingo yake inanyooka mbele na chini. Usipoacha hatamu ziteleze kati ya vidole, moja kati ya mawili linatokea: unavutwa utoke kwenye tandiko, au lijamu linampiga kinywani. Leo atatua salama. Safari ijayo atasitasita ukingoni, safari ya tatu atakataa, na wewe utasema ana tabia ya kuogopa maji. Ukiona farasi ameanza kukataa miteremko, rudi kwenye video za nyuma uangalie mikono yako kabla ya kumlaumu.

Acha vidole vifunguke, mabega yabaki nyuma, mguu wa chini utangulie kidogo, kisigino chini. Ukishatua, kusanya hatamu upesi: mkono mmoja unavuta ncha ya hatamu kuelekea nyuma, mwingine unateleza juu yake kwenda mbele. Lifanyie mazoezi ukiwa unatembea tu mpaka liwe la kawaida, kwa sababu baada ya maji kiunzi kinachofuata huwa karibu.

"Unaangalia chini" huambiwa watu kwenye mtaro. Kichwa cha binadamu kina uzito wa kilo 4 hadi 5; ukikiinamisha, mabega yanafuata, na farasi anapokea mzigo kwenye miguu ya mbele wakati uleule anaotakiwa kuinyanyua. Mwombe mkosoaji asimame ng'ambo, mbali kidogo na njia yako, anyooshe vidole, nawe utaje idadi kwa sauti ukiwa hewani. Ni zoezi la kitoto, na linafanya kazi.

Farasi aliyechepuka

Kwenye kiunzi chembamba au cha kona, kila anayetazama kwa ubavu atasema farasi alichepuka ghafla hatua ya mwisho. Hakuna ghafla. Bega lake lilikuwa limeshatoka nje ya mstari hatua tano nyuma, na kwa ubavu huwezi kuliona. Kwa hiyo video ya viunzi hivi ipigwe kutoka mbele au nyuma, sambamba na njia: bendera nyekundu kulia kwako, nyeupe kushoto, na bega la farasi liwe katikati yake tangu mbali. Mpiga picha aanze kurekodi hatua kumi kabla, simu ikiwa imelazwa. Mara ya kwanza itazame bila sauti, la sivyo utasikia makelele ya watu badala ya kuona. Na zile picha nzuri za farasi akiwa juu kabisa hewani zipeleke kwa mama. Pale juu karibu kila mtu anapendeza.

Ukiambiwa, kuhusu nafasi kati ya viunzi viwili, "ulipaswa kuweka hatua tatu pale, wewe umeweka nne", rudi ukapime kwa miguu kama njia bado iko wazi. Hatua ya kanta ni kama mita 3.6, sawa na hatua zako nne za sentimita 90. Toa mbili za kutua na mbili za kujiandaa kuruka. Zilizobaki ugawe kwa nne. Hatua 16 za binadamu ni hatua tatu za farasi. Mara nyingine utakuta mkosoaji ndiye aliyekosea hesabu, na mara nyingine utakuta umbali ulikuwa sawa ila uliingia kwa mwendo mlegevu.

Wakosoaji wawili, maneno mawili

Mmoja anasema "songa mbele", mwingine "subiri". Kabla ya kuchagua upande, uliza kila mmoja alikuwa amesimama wapi. Mara nyingi mmoja alikuwa kwenye vichaka ulikofika unajivuta, na mwingine kwenye kona ulikoingia kama umefukuzwa. Wote wana haki, na tatizo lako ni moja: mwendo wako haubadiliki kulingana na kiunzi.

Pia uliza kama wanazungumzia farasi yuleyule. Lucinda Green wa Uingereza alishinda mashindano ya farasi ya Badminton mara 6 kati ya 1973 na 1984, kila mara na farasi tofauti, na huwezi kuwapanda farasi sita kwa mtindo mmoja ukashinda. Ushauri uliopewa ukiwa juu ya farasi mvivu unaweza kukuumiza juu ya farasi wa moto.

Mwamuzi wa kiunzi yeye ameandika kilichotokea tu, usimfuate kumdai ushauri. Maofisa wakikuadhibu kwa upandaji wa hatari (katika kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, ni pointi 25), huo ni uamuzi wa usalama. Nenda kwao kwa adabu ukaeleweshwe, ila usiuchukulie kama maoni ya kupokea au kuacha.

Kisha chagua jambo moja. Moja tu kwa kila kipindi cha mazoezi, kwenye gogo dogo la sentimita 60 hadi 80, ambako hakuna kinachokutisha. Mirukio sita au minane inatosha, na ardhi ikiwa ngumu punguza zaidi, maana miguu ya mbele ya farasi ndiyo inayolipia marekebisho yako. Kama farasi alikuwa anaruka vizuri na sasa anakataa, mwache kwanza aangaliwe mgongo, meno, kwato na jinsi tandiko linavyokaa. Farasi mwenye maumivu hawezi kukupa jibu lolote kuhusu mikono yako.

Ukianguka, siku hiyo hakuna kukosolewa. Umeshaondolewa mashindanoni, nenda kwa daktari hata kama unajiona mzima, na aliyeona asimulie kwa daktari, si kwako. Aliyegonga kichwa hukumbuka vipande na kujaza vingine mwenyewe. Mwombe mtu akutunzie video, mkaitazame pamoja daktari atakapokuruhusu kupanda tena.