Themostati janja tatu, ushirika mmoja wa umeme: nizipimeje?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Mwaka huu nimeajiriwa kama mchambuzi katika ushirika mdogo wa umeme hapa Texas. Bodi inataka kuwapa wanachama ruzuku ya themostati janja, yaani kifaa cha kudhibiti joto la nyumba kinachounganishwa na intaneti, na kampuni tatu zimetuletea matoleo yao. Ya kwanza inadai kuokoa asilimia 8, ya pili 12, ya tatu 15. Bosi anasema nichukue yenye asilimia kubwa. Moyo wangu unakataa, ila sina hoja ya kumpa. Fedha za majaribio zinatosha nyumba 200 tu. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Moyo wako uko sawa. Zile namba tatu hazilinganishiki mpaka kila kampuni ikujibu mambo mawili: ni asilimia ya nini, na imelinganishwa na nini.

La kwanza ni jepesi. Karibu kila mara ni asilimia ya nishati ya kupasha na kupoza nyumba, si ya bili nzima. Tuseme mwanachama wako anatumia yuniti 14,000 kwa mwaka, na 4,000 kati ya hizo zinakwenda kwenye kiyoyozi. Ukiokoa asilimia 10 ya kiyoyozi umeokoa yuniti 400, yaani chini kidogo ya asilimia 3 ya umeme wote unaopita kwenye mita. Shika hiyo 3, tutaihitaji.

La pili ndilo lenye mambo. Ile asilimia 8 inafanana na wastani unaotangazwa na ENERGY STAR, nembo inayosimamiwa na Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani, EPA. Nembo hii ina historia inayofaa kumsimulia bosi wako. Zamani ilipewa themostati za kawaida za kupangiwa ratiba. Mwisho wa 2009 EPA ikaisitisha, kwa sababu akiba iliyotarajiwa haikuthibitika majumbani: watu wengi hawakupanga ratiba yoyote. Ilirudi 2017 kwa themostati zinazounganishwa na intaneti, safari hii kwa sharti kwamba mtengenezaji alete takwimu kutoka nyumba zinazotumia kifaa.

Ni hatua nzuri, lakini angalia hesabu yenyewe. Nyumba hailinganishwi na jinsi ilivyokuwa kabla ya kifaa. Inalinganishwa na nyumba hiyohiyo kama ingekaa muda wote kwenye joto ambalo wenyewe wanalipenda. Mama aliyekuwa akizima kiyoyozi kwa mkono kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, sasa kifaa kinamzimia. Mita yake haijabadilika, ila kwenye hesabu amehesabiwa kuwa ameokoa.

Zile 12 na 15 nazo zinanikumbusha ripoti ya 2015 ya Nest, watengenezaji wa themostati janja, iliyotaja asilimia 10 hadi 12 kwa kupasha nyumba na karibu 15 kwa kiyoyozi. Ilitazama bili za kabla na baada ya kufunga kifaa, jambo ambalo ni afadhali. Tatizo ni kwamba anayenunua kifaa kwa hiari si mtu wa kawaida. Huenda mwaka huohuo amebadilisha madirisha au ameanza kubana matumizi. Sasa weka kando ya hiyo utafiti wa California uliotolewa 2022 na wachumi kadhaa, John List akiwa mmojawapo. Kaya zaidi ya 1,300 ziligawanywa kwa bahati nasibu: nani apate kifaa na nani asipate iliamuliwa na kura, si na hiari. Baada ya miezi 18 ya takwimu za mita, hawakuona akiba ya maana. Watu walikuwa wakiingia na kubatilisha mipangilio ya kifaa. Mimi siamini kwamba akiba ni sifuri kila mahali, lakini tangu utafiti ule sipokei asilimia yoyote isiyo na kundi la ulinganisho.

Turudi kwenye 3 yako. Matumizi ya nyumba moja hupanda na kushuka mwaka hadi mwaka bila themostati yoyote: mtoto kazaliwa, mgeni kahamia, friji ya pili imenunuliwa. Chukulia mabadiliko hayo yana mtawanyiko wa asilimia 20. Ukizipa kifaa nyumba 100 na kuziacha 100 nyingine, kosa la makadirio yako litakuwa karibu asilimia 2.8. Unatafuta 3 kwa kipimo kinachoyumba kwa 2.8! Ukizigawa tena kwa kampuni tatu ndiyo kabisa. Kwa hiyo mwambie bosi waziwazi kwamba nyumba 200 haziwezi kumwonyesha kampuni ipi inaokoa yuniti nyingi kwa mwaka.

Kitu ambacho zinaweza kukuonyesha ni kilowati zinazopungua wakati wa kilele, yaani pale mahitaji ya umeme yanapokuwa makubwa kuliko yote, na kwa ushirika wa Texas huko ndiko kwenye fedha. Unajua gharama za njia kuu za umeme katika ERCOT, gridi inayohudumia sehemu kubwa ya Texas, zinavyogawanywa kwa utaratibu wa 4CP: huchukuliwa dakika 15 zenye mahitaji makubwa kuliko zote katika kila mwezi kuanzia Juni hadi Septemba, na mchango wenu katika vipindi hivyo vinne ndio unaoamua mtalipa nini mwaka unaofuata. Dakika 60 kwa mwaka mzima! Kupandisha themostati nyuzi 3 au 4 za Farenhaiti katika jioni zinazoshukiwa kuwa za kilele kuna thamani kuliko akiba ya Aprili.

Na kupima hapa ni rahisi. Funga vifaa nyumba zote 200. Kila siku mnapopunguza matumizi, piga kura ya nyumba 50 ambazo hazitaguswa; siku nyingine ziwe 50 tofauti. Linganisha mita za makundi mawili kwa kila dakika 15. Kwa mtawanyiko wa kilowati 2 kati ya nyumba na nyumba, tukio moja, yaani siku moja ya kupunguza matumizi, lina kosa la kilowati 0.33 hivi, na matukio kumi yatalishusha hadi karibu 0.1. Unachotafuta ni kitu cha karibu kilowati moja kwa nyumba, hivyo kitaonekana. Usikubali kampuni ikupigie hesabu hiyo kwa kutumia muda wa kiyoyozi kuwaka. Tumia mita zako. Tazama pia saa mbili zinazofuata: viyoyozi vyote vikiachiwa pamoja, vinavuta kwa pamoja, na mnaweza kujitengenezea kilele kipya. Viachiwe kwa mafungu.

Kuchagua kampuni sasa kunabaki kwenye maswali ya kawaida. Siku ya joto kali, vifaa vingapi viko hewani? Takwimu mnazipata wenyewe, au mpaka muombe? Kifaa kinaendeshaje pampu ya joto, ile mashine inayopoza na kupasha nyumba, wakati wa baridi? Hili lisikupite, maana kikishusha joto usiku halafu asubuhi kikawasha hita ya umeme ya dharura, inayokula umeme mwingi, mmepoteza kila kitu. Nyumba za zamani zikague kama zina waya wa C, ule unaokipa kifaa umeme wa volti 24 mfululizo. Bila huo fundi atarudi mara mbili.

Na sharti la mwanachama kubatilisha mpangilio wakati wa tukio liandikwe kwa lugha ya wanachama wenu, Kihispania kikiwemo. Juni 2021 watu wa Houston walishangaa nyumba zao zikipata joto, kumbe walijiunga na mpango kupitia bahati nasibu ya zawadi. Agosti 2022 huko Colorado wateja wa kampuni ya umeme ya Xcel wapatao 22,000 walijikuta hawawezi kushusha joto kwa saa kadhaa. Mwanachama akitaka kutoka katikati ya tukio, atoke, na mhesabu waliotoka: kampuni yenye wachache zaidi, kwa kilowati zilezile, ndiyo ningeipa mkataba.