Anza kusoma jeli yako kwenye kichupa cha maji

Picha ya jeli yangu ya kwanza (kibao laini ambamo umeme hutenganisha vipande vya DNA kwa urefu, vikaonekana kama mistari) niliipiga kwa simu nikaituma nyumbani. Sampuli 12, mistari 12, yote inang'aa. Dada mmoja mzoefu wa maabara akaitazama kidogo, akauliza: "Na hiki cha 13?"

Hicho kilikuwa kichupa cha maji. Nilikiweka kwa sababu maelekezo yalisema kiwekwe, sikujua kazi yake. Hakikuwa na DNA ya mtu yeyote, nacho kina mstari. Maana yake ile mistari 12 niliyoisherehekea haikuwa na thamani yoyote.

Nyinyi mnaoingia maabara mwaka huu, kaeni na kalamu mpige hesabu hii kabla ya kushika pipeti. PCR, njia ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi, hupasha DNA hadi nyuzijoto 95 hivi ili nyuzi zake mbili ziachane, hupoza ili praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia unakili) zishike mahali pake, kisha kwenye nyuzijoto 72 kimeng'enya hujenga uzi mpya. Kila mzunguko huongeza nakala mara mbili. Mizunguko 30 ikienda sawasawa, molekuli moja inazaa nakala zaidi ya bilioni 1. Sasa fikiria kitone cha nakala za PCR ya jana kilichobaki kwenye pipeti yako. Mimi nilikuwa nafungua vichupa vilivyokwisha kukuzwa kwenye meza ileile ninayochanganyia vipya! Nilisafisha meza kwa spiriti, nikaona nimemaliza. Spiriti haivunji DNA. Jiki iliyochanganywa na maji ndiyo huivunja. Praima zote nikazimwaga, na kusubiri nyingine kulichukua wiki kadhaa. Tangu hapo nagawa praima kwenye vichupa vidogovidogo, na pipeti ya kuchanganyia haivuki kwenda upande wa jeli hata kama ya huko imeharibika.

Sampuli zile zilikuwa za mazoezi, namshukuru Mungu, kwa kipimo cha selimundu. Hapo ndipo jenetiki ya darasani iliponiingia. Kwenye jeni ya beta-globini, katika kromosomu ya 11, GAG imekuwa GTG: herufi moja tu, na asidi ya glutamiki inaondoka, valini inakaa. Tuliambiwa tukariri. Usikariri, andika mfuatano wenyewe kwenye karatasi. Kimeng'enya kingine, DdeI, hukata DNA penye CTGAG. Kwa mwenye selimundu pale pamekuwa CTGTG, kwa hiyo hakikati. Basi AA (mwenye nakala mbili za kawaida) unaona vipande vilivyokatwa, SS (mwenye mbili za selimundu) kipande kirefu kizima, na AS vyote viwili, kwa kuwa amerithi nakala moja ya kila aina.

Ukiisha kuandika hivyo, mtego utauona mwenyewe. Kimeng'enya kikichoka, kwa mfano kimeachwa nje ya friza tangu asubuhi, kitakata nusu tu. Mtu wa AA ataonekana AS, na jeli itakuwa nzuri ya kupendeza. Ndiyo maana kila safari weka sampuli ya mtu unayejua kwa hakika ni AA, naye akatwe pamoja na wengine.

(Kuhusu kuunganisha nyaya: DNA ina chaji hasi, inakimbilia upande chanya. Nimeshuhudia watu wazima wakiigeuza, sampuli zikarudi nyuma zikapotelea kwenye maji ya bafa. Sitaji mtu.)

Kosa la mwisho ni kinyume cha langu: jeli tupu kabisa. Wengi hukimbilia kulaumu mashine. Uliza kwanza damu ilichukuliwa kwenye chupa gani. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayowekwa kwenye baadhi ya chupa, huzuia PCR, na hemu (kiini chenye chuma) ya kwenye chembe nyekundu pia, usipoiosha vizuri. Chupa za kifuniko cha zambarau, zenye EDTA (nayo huzuia damu kuganda), ndizo salama zaidi. Yule AA wako akitoka na sampuli ya mgonjwa isitoke, rudi kwenye damu, uanze kuitoa DNA upya.