Kabla hujaulaumu mmea, tafuta ua lake liko wapi

Karibu mwaka mzima nilimlaumu muuza maua. Nilinunua poinsetia kwenye vitalu vya kando ya barabara, nyekundu kama pilipili, nikaiweka kibarazani kwangu Tabata. Wekundu ukapukutika, yakaota majani ya kijani, yakabaki hivyo hivyo. Nikaweka samadi, nikabadilisha udongo. Wapi!

Mwezi wa tano mama jirani, mwenye bustani yake ya mchicha, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo taa ya ulinzi mnaizima saa ngapi?" Haizimwi. "Basi mti wako haujui kama kumekuchwa."

Nilicheka, lakini alikuwa sahihi. Poinsetia inataka usiku mrefu wenye giza lisilokatizwa ndipo iweke rangi. Niliihamishia uani, nyuma ya tangi la maji, na mwezi wa saba ikaanza kuiva.

Hapo ndipo nilipochukua kioo cha kukuzia nikaitazama vizuri. Kumbe wekundu wote ule ni majani. Maua yenyewe yako katikati, kwenye vile vitufe vya kijani na manjano ambavyo hakuna anayevijali, na hata kitufe kimoja si ua moja. Ni kikombe kidogo kilichobeba shada zima. Ndani yake kuna maua dume kadhaa, kila moja ni stameni moja tu (kile kijiti kinachobeba chavua), halina petali wala chochote. Katikati yao linachomoza ua jike moja juu ya kikonyo chake. Ubavuni mwa kikombe kuna kitu cha manjano kama midomo iliyobenuka, kimejaa nekta. Wataalamu wa mimea huliita shada hili siathia. Hata mnyaa wa uzio una shada la namna hiyo hiyo, ingawa hauna wekundu wa kujitangaza. (Utomvu wa mnyaa usikuingie machoni. Usiniulize najuaje.)

Kwa hiyo ukienda kununua poinsetia, usibabaishwe na rangi. Inama uangalie vitufe. Vikiwa bado vimefumba, utakaa nayo muda mrefu. Vikiwa vimeshamwaga chavua au vimepukutika, omba upunguziwe bei au uiache.

Bogenvilia nayo ni hivyo hivyo: ile zambarau ni majani matatu, na kila moja limebeba kiua chembamba cheupe. Unayemwagilia kila siku ukingoja rangi, punguza maji, iache kwenye jua kali. Alizeti sina haja ya kuieleza sana. "Ua" lake ni mamia ya maua yanayofunguka kuanzia ukingoni kwenda katikati, kwa hiyo ukilikata kwa sababu pembeni pameanza kunyauka, umekata karamu ya nyuki kabla haijaisha.

Wenye minazi uani, hasa nyie wa Kigamboni, msihangaike mkikuta vitu kama punje vimetapakaa chini asubuhi. Karara, lile ganda linalofunika maua ya mnazi, likipasuka, panda (shada lenye vijiti vingi) hutoka na maua dume mengi sana, na yakishamaliza kazi hudondoka. Angalia chini ya kila kijiti cha panda, karibu na shina lake: vile vitufe vichache vya mviringo ndio maua jike, na ndivyo vitakavyokuwa vidaka, yaani nazi changa. Hata vidaka vingine vitaanguka, mti hauwezi kulea vyote. Chukua ufagio, fagia.