Kwa vijana wapya wa maabara: MTA si stakabadhi ya barafu kavu

Juzi nimemkuta kijana wetu anasaini MTA, yaani mkataba wa kupeleka sampuli kwa maabara nyingine, wima, karatasi ameilaza juu ya kasha la sampuli, dereva wa kampuni ya mizigo anapiga honi nje. Nikamuuliza kifungu cha umiliki kinasemaje. "Dokta, hii ya kawaida tu, wametuma wao." Basi, nimechoka kulisema hili koridoni.

1. Usisaini siku ya kusafirisha. Mimi nilisaini, tena sikuwa mwanafunzi. Nilikuwa na uzamivu wangu na kiburi chake. Tulikuwa tumetenga bakteria wa chemchemi ya maji moto, na baadhi yao walivunja mafuta vizuri ajabu kwenye joto kali. Mashine ya kusoma jenomu hatukuwa nayo. Wabia wetu wa Ulaya walikuwa nayo, na walikuwa watu wema kweli: profesa wao alishalala kwangu, akala ugali kwa dagaa, mama akamwita "mwanangu". Mkataba ulipokuja nikasoma ukurasa wa kwanza, kisha ule wenye nafasi ya jina langu. Katikati paliandikwa kwamba sampuli ni mali yetu, ila chochote kitakachotokana nazo, iwe jeni, protini au data, ni cha mpokeaji. Yaani sisi tulibaki na tyubu.

Miaka ikapita. Siku moja mwanafunzi wangu anatafuta marejeo kwenye Patentscope, hifadhidata ya maombi ya hataza (patent), akaja anacheka, simu mkononi: "Dokta, hii si chemchemi yetu?" Ilikuwa yetu. Maombi ya hataza yalitaja mpaka eneo lilikochotwa maji, na kwenye orodha ya wavumbuzi hatumo hata mmoja. Nikampigia profesa nikiwa nimeshapanga maneno makali. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akanitumia nakala yenye sahihi yangu. Hakuiba kitu, ofisi yao ilifuata karatasi. Mwanasheria wa chuo akaniuliza, kwa upole wa kuudhi, kwa nini yeye hakuwahi kuiona. Nikajibu kwamba barafu kavu ya kugandishia sampuli ilikuwa inaisha. Ndivyo nilivyojibu, mtu mzima! Na fundi wetu wa maabara, aliyeungua mkono akichota yale maji, mpaka leo akiniona na kalamu anauliza, "Dokta, umesoma lakini?"

2. Msidhani ni mkosi wangu peke yangu. Mwaka 1992 watafiti kutoka Uingereza walichukua vijidudu Ziwa Bogoria, Kenya. Vimeng'enya (enzaimu) vya vijidudu hivyo vikaja kutumiwa na kampuni ya Genencor kwenye sabuni za kufulia na kufifisha jinzi. KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, ilipokuja juu mwaka 2004, ubishi ukawa ni kibali gani kiliruhusu nini, miaka kumi na zaidi baada ya chupa kuondoka. Lakini tazameni 2007: KWS hiyo hiyo ikasaini na Novozymes, kampuni ya vimeng'enya ya Denmark, mkataba wa utafiti wenye mgawo wa mapato na mafunzo, kabla ya kazi kuanza. Na hapo Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa ya kugawana faida za rasilimali za kijenetiki, ilikuwa haijazaliwa. Ilikuja 2010, ikaanza kutumika 2014.

3. Ombi la hataza kwanza, bango la mkutano baadaye. Ukishautangaza uvumbuzi hadharani, Marekani wanakupa nafuu ya mwaka mmoja kuomba hataza. Ulaya kwa kawaida hawakupi hata siku.

4. Sampuli za binadamu zinapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu hapa Tanzania. Data zake pia zina sheria yake, ya kulinda taarifa binafsi, ya 2022. Usiniambie "ni faili tu la Excel."

5. Msiniletee habari za kumshuku mgeni kwa pasipoti yake. Uliza nani anamlipa, data atazitunza wapi, na akaunti yake inafungwa lini. Kwenye seva yetu nimekuta akaunti ya mgeni aliyeondoka zamani, bado wazi, nywila yake ni Yanga na mwaka wa ubingwa. Aliyempa ni mmoja wenu, na najua ni nani.

6. Kubishana hakuvunji ubia. Hili ndilo mnaloliogopa kuliko yote, mnaona mfadhili atanuna. Baada ya ile aibu nilirudisha rasimu ya wabia wengine nikiwa nimekata vifungu kwa wino mwekundu: umiliki wa pamoja kwa vinavyotokana na sampuli, matumizi ya biashara yajadiliwe upya, majina ya wavumbuzi yakubaliwe na pande zote. Nilikaa roho juu. Mwanasheria wao akakubali karibu yote, akaongeza kwamba ile waliyotuma ilikuwa rasimu ya kuanzia tu. Kumbe walitarajia tubishane!

Rasimu hiyo iko kwa mwanasheria wa chuo, nendeni mkaombe nakala. Anafika saa tatu. Ukitaka akusomee kwa makini, usimpelekee Ijumaa.