Glukosi ya uvimbe anaila nani?

Nikiacha sukari, seli za saratani zitakufa njaa?

Hapana. Hata ukifunga, ini hutengeneza glukosi na kuimwaga kwenye damu. Seli T, zile zinazoua seli za saratani, nazo huitegemea sana zinapoanza kugawanyika kwa kasi.

Nimesoma kuwa uvimbe huzipora seli T glukosi. Ni kweli?

Sehemu tu. Miaka ya 1920 Otto Warburg alionyesha kuwa uvimbe hugeuza glukosi nyingi kuwa asidi ya laktiki hata oksijeni ikiwepo, na wengi wakachukulia kwamba mlaji mkuu ni seli ya saratani. Mwaka 2021 watafiti waliuchambua uvimbe wa panya, wakapima kila aina ya seli peke yake. Zilizofyonza glukosi zaidi, seli kwa seli, ni za kinga, hasa makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki ya seli) na jamaa zake. Seli za saratani ziliongoza kwa glutamini, asidi amino ambayo nayo ni chakula cha seli. Kwa hiyo doa linalong'aa kwenye picha ya PET, ile inayoonyesha glukosi inafyonzwa wapi mwilini, si la saratani peke yake, jambo ambalo bado halisemwi vya kutosha.

Mimi ningeichunga zaidi ile asidi. Huzidhoofisha seli T zinazoua, ilhali seli T za kutuliza kinga huweza kuitumia laktiki kama chakula. Uvimbe unafaidika mara mbili.

Kwa nini majibu ya maabara hugeuka yakipimwa mwilini?

Anza na chakula cha seli. Kimiminika cha RPMI 1640, ambacho seli hukuzwa ndani yake maabara, kina glukosi kama milimoli 11 kwa lita. Damu ya mtu mwenye afya aliyefunga ina kama 5. Njaa utaionaje hapo? Afadhali kumpa mnyama glukosi yenye kaboni-13, kaboni nzito kidogo inayoweza kutambuliwa, kisha kufuatilia kaboni hiyo imeishia kwenye molekuli zipi. Ila uwe na haraka: kipande kikishakatwa kinakosa damu na laktiki inapanda, kwa hiyo hubanwa papo hapo kwa koleo lililopozwa kwenye naitrojeni kimiminika. Ukizubaa, unapima uzembe wako.

Kuna dawa tayari?

Epacadostat ilitumainiwa sana. Huzuia IDO, kimeng'enya kinachomaliza triptofani, asidi amino inayohitajiwa na seli T. Mwaka 2018 jaribio kubwa la melanoma (aina ya saratani ya ngozi), ikiunganishwa na pembrolizumab, dawa inayoamsha seli T, halikuonyesha faida. Wagonjwa hawakuchaguliwa kwa kuangalia kama uvimbe wao una IDO, na kipo kimeng'enya kingine, TDO, kinachofanya kazi hiyohiyo.