Kubadilisha aina za kahawa ukikaangia nyumbani: pesa inapotelea wapi

Mkuu, umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Unakaangia nyumbani Mbagala, unataka kila mwezi utoe kahawa ya mkoa mwingine: inawezekana? Unauza na mfukoni huoni kitu: inapotelea wapi? Na je, ununue mashine ya kukaangia kilo tano kwa mkupuo? Mimi nakaangia Tabata, huu mwaka wa sita, kwenye kibanda cha uani kilichokuwa banda la kuku. Naanza na la pili, maana ukilielewa hilo la kwanza linajijibu.

Kahawa mbichi iliyokauka vizuri ina unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Ukiikaanga, maji yanatoka, makapi yanapeperuka, na sehemu ya punje yenyewe inageuka gesi. Mkaango wangu wa wastani unakula asilimia 16. Ukiipeleka mpaka nyeusi ya kung'aa mafuta, asilimia 20 inaondoka. Tufanye kilo imekufikia mlangoni kwa 12,000. Kwa upungufu wa 16, kilo iliyokaangwa imeshakugharimu karibu 14,300 kabla hujahesabu gesi, mfuko na bodaboda. Hapa nadhani uko sawa, wengi wanajua.

Kinachokula watu ni mikaango ya majaribio. Mimi kila kahawa mpya naipa mikaango miwili ya nusu kilo ambayo siuzi. Naonja, nagawa kwa majirani, naandika. Kwa hiyo kila aina inakula kilo moja kabla haijaniletea shilingi. Sasa piga hesabu. Nikinunua kilo 15 za aina moja kwa hiyo bei, nakaanga 14 za kuuza, napata kilo 11.76, kila moja imenigharimu 15,300. Wewe ukinunua kilo tano tu kwa sababu mwezi ujao unabadilisha, zinabaki nne za kuuza, unapata kilo 3.36, na kila moja imekugharimu karibu 17,860. Kahawa ileile, bei ileile ya kununulia, tofauti ya zaidi ya 2,500 kwa kilo. Ukibadilisha kila mwezi unalipa ada ya shule kila mwezi. Na usiseme utaruka majaribio, maana hapo majaribio atayafanya mteja kwa pesa yake.

Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na aina sita kwenye vichupa, zimepangwa kama duka la viungo, watu wanapiga picha. Nilikuwa naona raha kweli. Nusu ilinizeekea mikononi.

Siku hizi nina mbili. Moja ni ya kudumu, ya pili naiita mgeni. Ya kudumu ni mchanganyiko: sehemu saba Arabika ya Mbinga, sehemu tatu Robusta ya Kagera. Hiyo ndiyo inayolipa kodi na ada za watoto. Mgeni hubadilika kufuata mavuno, si kufuata kalenda yangu. Anaweza kukaa miezi mitatu au minne. Kagera wanaanza kuvuna mapema, Mei hivi. Mbozi, Mbinga na Kilimanjaro wanafuata kuanzia katikati ya mwaka, na Kilimanjaro inaweza kwenda hadi Desemba. Ongeza muda wa kukausha, kukoboa na kuuzwa, ndipo ujue lini kahawa mpya itafika kwako. Ukilazimisha Kilimanjaro mwezi Juni utauziwa ya msimu uliopita, nayo ukiionja unaonja gunia.

Halafu elewa neno "aina". Wengi tunalitumia kwa maana ya mkoa. Mbegu ni jambo jingine. Mashamba ya zamani ya kaskazini yana mbegu za N39 na KP423, na pembeni yake kuna miche chotara ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa pale Lyamungu, inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Mkulima hang'oi shamba zima siku moja, anapanda kidogokidogo, na kahawa ya chama cha ushirika kizima inakusanywa pamoja. Kwa hiyo mtu akikuuzia kilo kumi za "mbegu fulani safi", muulize ameitenganishaje. Kama hana jibu, kwenye mfuko wako andika wilaya na msimu, basi.

Sasa balaa linakuja hapa: hata ile ya kudumu hubadilika. Mwaka wangu wa tatu nilikuwa napeleka kilo sita kwa wiki kwenye mgahawa mmoja Masaki. Gunia la Mbinga likaisha, nikaleta jingine la Mbinga hukohuko, nikakaanga kwa dakika zilezile, nikabandika lebo ileile. Baada ya siku tatu nikapigiwa simu nifuate mzigo wangu. Mhudumu wa mashine ya espreso, kijana mdogo tu, akaniambia, "Dada, hii si ile. Ile ilikuwa tamu mwishoni, hii inakwaruza." Nilibisha pale mlangoni kama mwenye haki. Nyumbani nikaonja zote mbili, ya zamani nilikuwa nimebakiza kikopo. Kijana alikuwa sahihi. Punje za gunia jipya zilikuwa ndogo na ngumu zaidi, mkaango wangu wa zamani ulikuwa umeziacha mbichi ndani. Ule mgahawa sikuurudisha tena.

Tangu siku hiyo siachi gunia liishe. Likibaki kilo kumi, gunia jipya linakuwa limeshafika na limeshaonjwa. Naanza kuingiza jipya robo kwa robo: wiki ya kwanza robo mpya na robo tatu za zamani, wiki ya pili nusu kwa nusu, na kuendelea. Mteja anahama bila kushtuka. Robusta pia inasaidia hapo, kwa sababu ina mwili mzito, yaani uzito mdomoni, unaofunika mabadiliko madogo ya Arabika. Nazikaanga kila moja peke yake, nachanganya zikishapoa. Ukizitia pamoja kwenye dramu la kukaangia, moja itakuwa tayari na nyingine bado.

Kuhusu kukaanga kila aina inavyotaka, hapa ndipo ningependa tukae barazani tuongee mpaka usiku. Kabla sijawasha gesi namwaga kiganja cha punje kwenye sinia jeupe, natazama ukubwa. Daraja AA ni punje zinazobaki juu ya chekeche namba 18, tundu la kama milimita 7. Zikiwa zimechanganyika na ndogo, ndogo zitaungua ukisubiri kubwa. PB ni lile tunda lililotoa punje moja ya mviringo badala ya mbili bapa. Zinabiringika vizuri, zinaiva sare, na ni rahisi kuziharibu kwa kuwa zinakufanya ujione fundi. Kisha naangalia ilivyokaushwa. Iliyomenywa na kuoshwa kabla ya kukaushwa ina rangi ya kijani iliyopauka na inavumilia moto wa kuanzia. Iliyokaushwa na ganda lake, kama Robusta nyingi ya Kagera, huwa na rangi ya manjano au hudhurungi, ina makapi mengi, na ukiitupia kwenye dramu la moto mkali inababuka nje huku ndani imelala. Hiyo naanza nayo kwa moto wa chini na kuivuta polepole.

Kwa Arabika zangu, mpasuko wa kwanza, ule mlio kama wa bisi, huja kipimajoto kikiwa karibu na nyuzi 200. Kwako kinaweza kusoma vingine kulingana na kilipochomekwa, kwa hiyo usinakili namba yangu, andika yako. Daftari langu lina safu chache tu: tarehe, gunia, uzito ulioingia, dakika ya kugeuka njano, dakika ya mpasuko, dakika ya kutoa, uzito uliotoka. Hiyo ya mwisho ni bora kuliko macho. Gunia likizoea kupoteza asilimia 16 halafu siku moja likapoteza 13, ujue umetoa mapema, au kuna kitu kimebadilika kwenye unyevu, hata kama rangi inakudanganya kwamba iko sawa.

Na usionje siku hiyohiyo. Kahawa iliyotoka jikoni imejaa gesi, inakuficha ladha. Mimi nangoja siku nne. Ndiyo maana tunatumia mifuko yenye vali, kitundu kinachotoa gesi bila kuingiza hewa. Ukiifunga mapema kwenye mfuko usio na tundu, inavimba kama mto.

Unyevu wa Dar sasa. Mwaka mmoja masika ilinikuta na gunia la kilo 60 limesimama sakafuni, limeegemea ukuta. Wiki tatu baadaye kahawa ilikuwa inachelewa kuiva, na harufu yake ya uvunguni kabisa. Siku hizi kahawa mbichi inakaa ndani ya mfuko wa nailoni mzito uliofungwa, huo ndani ya gunia, gunia juu ya chaga za mbao, mbali na ukuta. Kuanzia Machi hadi Mei nanunua kidogokidogo, hata kama bei inanishawishi.

Moshi: kaa na mwenye nyumba mapema, kabla majirani hawajakaa naye. Mimi nakaanga saa nne hadi saa saba mchana, watu wakiwa kazini na nguo zao hazijaanikwa upande wangu. Makapi yakusanye kwenye bati, yamwagie maji, usiyatupe kwenye ndoo ya takataka yakiwa na moto ndani. Nilishaunguza ndoo hivyo.

Wateja wako ni akina nani? Hujasema, na ndilo lingenifanya nijibu tofauti. Ukiuzia vijiwe, sahau habari ya mgeni wa mwezi. Nilimpelekea mzee mmoja wa kijiweni Kariakoo Arabika yangu nzuri, nimeikaanga kidogo, inanukia kama maua. Alikunywa kikombe, akauma kashata, akaniangalia kwa huruma. "Binti yangu, umeniletea chai." Yeye anataka Robusta nyeusi, iliyosagwa laini kama poda, inayosimama kwenye birika juu ya mkaa saa nzima na bado inauma ulimi. Na ana haki, ile ya maua ukiichemsha hivyo inakuwa maji ya kuoshea sufuria. Vijiwe wananunua nyingi, wanalipa taratibu, na hawataki mabadiliko hata kidogo. Wanaofurahia mgeni ni wanaotengeneza nyumbani, wenye birika la moka au chujio la karatasi. Kwangu hawafiki robo ya mauzo, ila wao ndio wanaoniletea wengine.

Kwa hao, andika ukweli kwenye mfuko: kahawa imetoka wapi, msimu gani, imekaangwa lini. Nimeona mifuko mingi ya "Kilimanjaro" mjini ambayo haijawahi kuuona mlima. Mbinga na Mbozi zina heshima yake, ziandike majina yake.

Makaratasi nitapita haraka. Jina la biashara lisajili BRELA, namba ya mlipakodi TRA, Bodi ya Kahawa kwa leseni ya kukaanga, TBS kwa ubora. Pitia SIDO, shirika la viwanda vidogo, kwanza, watakuelekeza na barua ya utambulisho inasaidia mjasiriamali mdogo. Kahawa mbichi nunua kwa chama cha ushirika au kiwanda cha kukoboa kinachokupa stakabadhi, utembee nayo. Ukipewa bei ya kutupa kwa simu na mtu asiyetaka kuandika chochote, hiyo inaweza kuwa ya magendo au butura, ile ya kumlipa mkulima kahawa ikiwa bado mtini. Mbali na kumwumiza mkulima, ikikamatwa stendi ya Mbezi mzigo na pesa vyote vimeondoka.

Mashine ya kilo tano: hapana, kwa sasa. Umesema unauza kilo nane kwa mwezi. Mashine ya kilo tano haikaangi nusu kilo vizuri, punje hazijai kwenye dramu na kipimajoto kinasoma hewa. Maana yake majaribio yako yatakuwa ya kilo mbili mbili, rudi juu uangalie ile hesabu. Kaa na ya kilo moja mpaka siku utakapokaanga mara nane mfululizo na bado kuna anayesubiri. Ya kwangu alinichomelea fundi wa Gerezani, ya gesi, mota ndogo inazungusha dramu. Nilimlipa nyongeza aweke mkono wa kuzungushia pembeni, akanicheka, akasema napenda mambo ya kizamani. Umeme ulikatika wiki ileile, dakika ya tisa, mpasuko umeanza. Nilizungusha kwa mkono huku mwanangu ananimulikia kwa tochi ya simu. Ile kahawa niliiuza yote.