Kabla hujatuma hela ya feni ya prosesa, shika rula kwanza

Juzi usiku kuna dogo yuko Kasulu kanitumia meseji, "Shikamoo kaka, nataka niiovakloki prosesa yangu, kuna feni moja kali nimeiona inauzwa Kariakoo, nitume hela?" Kuovakloki ni kuilazimisha prosesa, ile chipu inayofanya hesabu za kompyuta, iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Nikamjibu hapohapo, usitume, subiri kwanza. Maana hiyo hela mimi nilishaituma, tena mara mbili, na ya kwanza mpaka leo haijarudi.

Mimi niko Mwanga hapa Kigoma, naediti video za harusi na sendofu. Mashine yangu ina prosesa ya AMD, Ryzen 5 2600, kwenye bodi ndogo (ubao mkuu wa kompyuta) ya B450, na nilikuwa natumia ile feni fupi iliyokuja nayo kwenye boksi. Kwa kasi ya kawaida haikuwa na shida. Ila nyinyi mnaofanya hii kazi mnajua, unarenda (mashine inatengeneza video ya mwisho) harusi ya masaa matatu mteja anapiga simu kila saa, mwisho nikasema hapana, napandisha kasi. Ryzen yangu imefunguliwa kupandishwa kasi na B450 inaruhusu (mwenye bodi ya A320 asijisumbue, ile haikubali). Nikaweka GHz 3.9, volti 1.35. Saa nane mchana, chumba cha bati, nikaanza kurenda nikiangalia namba: 80, 88, 94, mashine ikazima. Kikomo cha prosesa ile ni nyuzi 95.

Hapo kuna kitu wengi hawakielewi. Joto linapanda na volti kwa kasi kuliko unavyodhani, ukitoka 1.2 ukaenda 1.35, hiyo volti peke yake imeshakuongezea zaidi ya robo ya joto. Na feni ya kawaida haiwezi kupooza chini ya joto la chumba. Yule wa YouTube anapima kwenye chumba cha nyuzi 21, wewe chumba chako 31, hizo kumi zote zinahamia kwenye prosesa yako.

Basi nikaagiza feni ya mnara, ile ndefu yenye mabati yaliyosimama na feni pembeni, kutoka duka moja Dar, muuzaji akaniambia "inaingia AMD zote". Ikaja na basi, nikasaini, nikakaa chini kufungua ile ya zamani. Nikalegeza skrubu nne, nikavuta. Ikang'ang'ania. Nikavuta kwa nguvu, ikatoka, na prosesa ikatoka nayo, imegandia chini ya feni, pesti (ile dawa ya kupitisha joto katikati yao) imekauka kama gundi, wakati kile kishikio cha soketi, pale prosesa inapokaa, bado kimelala kimefungwa. Ile prosesa ina pini 1331 na tatu zilikuwa zimelala. Mikono ilinitetemeka jamani. Nilizinyoosha kwa ncha ya penseli ya kubonyeza, nimeitoa risasi, naivalisha pini moja moja naisimamisha taratibu, ilinichukua karibu saa nzima na sikumsemesha mtu. Kwa hiyo nakuambia kama mdogo wangu: washa mashine ichemke dakika kumi, izime, chomoa umeme, halafu izungushe feni kushoto kulia mpaka iachie. USIVUTE.

Na baada ya yote hayo feni mpya haikuingia. Ilikuwa ya AM3, soketi ya zamani ya AMD, ya kufunga kwa skrubu, matundu yake ni milimita 48 kwa 96, ya AM4 ambayo ndiyo soketi yangu ni 54 kwa 90. Zile za AM3 za kulabu zinazoshika plastiki mbili za kwenye bodi zinaingia, yangu haikuwa hiyo. Nikampigia muuzaji, akasema mteja hukuuliza soketi. Nilimuuliza! Meseji ninayo mpaka leo. Hakunirudishia hata shilingi na bado inaniuma, siyo kwa ajili ya hela, ni vile alivyonijibu.

Ya pili sitaieleza sana. Soketi sawa, matundu sawa, ila urefu milimita 159 na keisi yangu (boksi la kompyuta) mwisho 145, mlango haufungi. Na feni yake ikawa imekalia RAM ya kwanza, zile kadi za kumbukumbu zilizosimama pembeni ya prosesa. Nilikaa nayo kiangazi kizima keisi ikiwa wazi, vumbi jekundu likaingia kila mahali, mwisho nikamuuzia jamaa wa Ujiji mwenye keisi kubwa.

Ya tatu ndiyo nilishika rula. Ina feni ya milimita 92, mnara mfupi, haigusi RAM. Nikashusha volti mpaka 1.3, kasi ileile 3.9, na wiki iliyopita nimerenda harusi nzima mchana wa jua kali haijavuka 79. Nilifurahi sana aisee, nilimwita mpaka mke wangu aje aone.

Kwa hiyo vijana acheni kununua kwa picha na taa za rangi. Soketi kwanza, halafu urefu, halafu RAM. Wenye prosesa za Intel, soketi 1151 na 1200 matundu ni yaleyale milimita 75, ila 1700 ni 78, usidanganywe. Wenye bodi ndogo kama yangu angalieni pia pale pembeni ya prosesa panapopita umeme wake, kama hapana bati la kupoozea basi feni ya mnara inapuliza pembeni na pale hapapati upepo, weka feni ya keisi ipeleke hewa upande huo. Na urefu pima kuanzia juu ya prosesa mpaka mlango, siyo kuanzia kwenye bodi.

Dogo wa Kasulu nilimwambia yote haya, aichemshe mashine, azungushe, apime. Leo asubuhi kanitumia picha, prosesa imebaki kwenye soketi, rula imesimama juu yake inasoma 155. Feni aliyokuwa anaitaka ni ileile yangu ya pili, ya 159. Hela bado anayo.